Ampli si meza: tuiachie nafasi ya kupumua

Katika kartie nyingi za Goma, ampli moja siku hizi inahudumia watu wengi kuliko zamani. Nyumba iliyokuwa na watu sita leo ina watu kumi na wanne, kwa sababu ndugu wametoka Masisi, Rutshuru au Nyiragongo na hawana pengine pa kulala. Jioni wote wanakusanyika sebuleni kusubiri habari: barabara gani imefunguliwa, kijiji gani watu wameanza kurudi, masomo ya watoto yataendelea lini. Redio ya simu haisikiki kwa watu kumi na wanne wanaoongea na watoto wanaolia. Basi ampli inawashwa na bafle zake mbili. Siku ikikataa kuwaka, nyumba nzima inabaki kuulizia habari kwa jirani, na habari ya kuulizia mara nyingi inafika ikiwa imeongezewa chumvi.

Ndugu wasomaji, na ninyi mnaotusikiliza kila siku, maoni yangu leo ni haya: ampli nyingi tunazopeleka kwa fundi zimeuawa na joto, na joto hilo limekaa ndani kwa sababu sisi wenyewe tumeziba njia ya kutokea. Tunalaumu umeme, tunalaumu bidhaa za bei rahisi, wengine wanalaumu hata jicho la jirani. Lakini nyumba nyingi ukiingia unakuta ampli imefunikwa kitambaa, juu yake dekoda, juu ya dekoda picha ya harusi. Na kwa kuwa tunakaa wengi pamoja, tena katika nyumba za mbao, shauri hili haliwezi kuachiwa mwenye ampli peke yake.

Joto linatoka wapi

Ampli inachukua sauti ndogo kutoka redio, simu au dekoda na kuipa nguvu ya kusukuma bafle. Kazi hiyo haifanyiki bure. Katika ampli za kawaida za nyumbani, sehemu kubwa ya umeme unaoingia haifiki kwenye bafle kabisa, inageuka kuwa joto. Hata sauti ikiwa chini, hata muziki ukisimama, ampli ikiwa imewashwa bado inakula umeme na kutoa joto. Ndiyo maana asubuhi unaigusa na kuikuta vuguvugu ingawa hakuna aliyesikiliza kitu tangu saa nne ya usiku.

Waliotengeneza mashine hizo walijua. Ndani wameweka kipande cha aluminiamu chenye mabapa mengi kama kitana, kinachonyonya joto na kulipa hewa. Kwenye kifuniko cha juu wametoboa matundu, na chini pia kuna matundu. Hewa baridi inaingia chini, inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda na kutokea juu. Ni kazi ileile ya moshi wa jikoni: ukiziba tundu la juu, moshi wote unabaki ndani na mama anatoka macho mekundu. Ampli haina mlango wa kutokea. Inabaki kupikwa.

Kinachoumia kwanza ni kondansateri, vile vikopo vidogo unavyoviona fundi akifungua kifuniko. Ndani yake mna maji maji ambayo joto linayakausha polepole. Mafundi wana kipimo chao: joto likipanda digrii 10, maisha ya kikopo hicho yanapungua nusu. Ufanye hesabu mwenyewe. Kikopo ambacho kingedumu miaka 8 kwenye digrii 50, kwenye digrii 60 kitadumu 4, na kwenye digrii 70 kitadumu 2. Kitambaa kimoja tu juu ya matundu kinaweza kuleta tofauti hiyo. Ampli haifi siku uliyoifunika, na ndiyo sababu hatuoni kosa. Inakufa mwaka unaofuata, kwa kelele ya ngurumo kwenye bafle, nasi tunasema ni umeme.

Kitambaa cha mama

Najua ninagusa jambo la heshima. Kile kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono ndicho uzuri wa sebule. Pengine ni zawadi ya harusi, pengine ni kazi ya marehemu mama mkwe. Na mgeni aliyepokelewa, anayelala na watoto wake kwenye mkeka wa sebule hiyohiyo, hawezi kumwambia mwenye nyumba: «Mama, toa kitambaa chako.» Kwa hiyo ninasema mimi hapa, ili mgeni asilaumiwe.

Mama, kitambaa kisitupwe. Kiwekwe juu ya bafle, maana bafle haihitaji hewa kwa juu. Au kiwekwe juu ya meza, kando ya ampli. Ukitaka kukinga ampli na vumbi usiku, izime, chomoa waya kwenye prizi, subiri hadi ipoe, ndipo uifunike. Asubuhi kabla ya kuiwasha, kitambaa kinatoka. Ni desturi inayofundishika hata kwa mtoto wa miaka saba.

Dekoda nayo isikae juu ya ampli. Yenyewe inatoa joto, na ikiwekwa hapo inapata pia joto la ampli. Kama lazima vipangwe, ampli ndiyo ikae juu kabisa, peke yake. Miongozo inayokuja na mashine hizi kwa kawaida inataka nafasi wazi ya sentimita 10 hadi 30 juu, na nafasi kidogo kando na nyuma. Kama huna futi, weka ngumi mbili moja juu ya nyingine kwenye kifuniko: hapo pasiguswe na kitu. Chini pia papumue. Ampli ina miguu minne ya mpira. Ikiwa imepotea, ipe vipande vinne vidogo vya mbao. Usiiweke juu ya godoro, blanketi wala mto, maana inazama na matundu ya chini yanazibika.

Kuna jambo lingine ambalo limeongezeka tangu nyumba zijae watu. Wakati wa mvua nguo hazikauki, basi mtu anaona ampli ina joto zuri, anatandika juu yake soksi za mtoto au shati la shule. Tafadhali. Unaiziba na kuidondoshea maji kwa wakati mmoja.

«Lakini Goma ni baridi»

Hili ndilo jibu ninalopewa mara nyingi. Wananiambia joto ni tatizo la Uvira na Kalemie, kule ziwani Tanganyika, wala si la hapa kwetu. Ni kweli usiku wetu ni wa baridi. Lakini mji wetu uko kwenye mita kama 1 500 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Mashine iliyotengenezwa na kupimwa kwenye miji iliyo karibu na bahari, ikifika hapa inapata msaada mdogo zaidi kutoka kwa hewa ileile. Na sebule yenye watu kumi na wanne, madirisha yamefungwa kwa usalama, mabati yamepigwa jua mchana kutwa, haina baridi hata kidogo saa moja ya jioni. Rafu iliyo juu karibu na mabati ndiyo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu joto lote la chumba linapanda huko.

Halafu kuna vumbi letu. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mwaka 2002 Nyiragongo ilipitisha lava katikati ya mji, na mwezi wa 5 mwaka 2021 ilimwaga tena upande wa kaskazini. Avenyu nyingi hazina lami, na magari na pikipiki yanasaga mawe hayo kuwa unga mweusi. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8, unga huo unaingia kila tundu. Ndani ya ampli unalala juu ya yale mabapa ya aluminiamu kama blanketi, na joto halitoki tena hata ukiwa umeondoa kitambaa.

Kwa hiyo, kila baada ya miezi mitatu au minne, chomoa waya na upanguse matundu kwa brashi kavu ya rangi, laini. Usitumie kitambaa chenye maji. Usifungue kifuniko mwenyewe: zile kondansateri zinaweza kuweka umeme ndani hata waya ukiwa umechomolewa, na umeme huo unapiga. Mara moja kwa mwaka mpelekee fundi aifungue na kupuliza vumbi. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kubadilisha vipande vilivyoungua.

Mvua na mwizi

Wako wanaofunika kwa sababu wanazostahili kusikilizwa. Wa kwanza ni yule ambaye bati lake linavuja, au anayeishi chini ya turubai, ile tunayoita shitingi. Mvua ya usiku ikianza, anachukua kipande cha shitingi na kuifunga ampli kama mtoto. Ninamwelewa. Lakini plastiki haipitishi hewa hata kidogo, ni mbaya kuliko kitambaa. Njia nzuri ni kumtengenezea ampli paa lake: kipande cha bati au ubao kilichoinamishwa, kikisimama juu ya vijiti vinne, mkono mmoja kutoka kwenye kifuniko. Maji yanateremka kando na hewa inapita. Na mvua ikiwa kubwa, zima, chomoa, kisha funika. Hakuna muziki unaostahili umeme na maji kukutana ndani ya hema la watoto.

Wa pili ni anayeogopa wezi, naye anaifungia ampli ndani ya kabati kwa kufuli. Huyo naye ana haki, tunajua usiku wetu ulivyo. Ila kabati lililofungwa pande zote ni oveni. Toa ubao wa nyuma na kuliweka karibu na ukuta, pakibaki upana wa kiganja, au kata mlango na uweke wavu wa chuma. Mwizi hapiti kwenye wavu, hewa inapita. Ukiweza kupata feni ndogo ya kompyuta ya zamani, ile ya volti 12, ifunge sehemu ya juu ya kabati ikitoa hewa nje. Wengi wetu tuna betri ya volti 12 ya pano ya jua nyumbani, na feni hiyo inakula umeme kidogo sana. Upande wa feni mara nyingi kuna alama ya mshale unaoonyesha hewa inakwenda wapi. Elekeza mshale juu au nje, ili feni isaidie joto kupanda badala ya kulirudisha chini.

Kuhusu betri, neno moja. Betri ya asidi ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka ikipata cheche. Isifungiwe kabati moja na ampli. Na konvertiseri, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 220, nacho kinataka hewa sawa na ampli.

Bafle nne kwenye ampli ya bafle mbili

Makanisa, baa na nyumba za kuonyesha sinema wanisikilize hapa. Watu wakiongezeka, mnaongeza bafle. Mnaunganisha nne ambapo mashine ilitengenezewa mbili. Nyuma ya ampli, karibu na mahali pa kufungia waya, pameandikwa namba ya omu, mara nyingi 4, 6 au 8. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa pamoja kwenye mdomo mmoja zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Namba inaposhuka, ampli inalazimika kutoa umeme mwingi zaidi, na joto linaongezeka. Ukishuka chini ya namba iliyoandikwa, feni wala dirisha haviwezi kukuokoa.

Ampli nyingi za kisasa zikizidiwa zinajizima zenyewe. Huo ni ulinzi. Lakini nimeona watu wakiibonyeza tena na tena, mara tano, mara kumi, kwa sababu mahubiri hayajaisha au mechi imefika dakika ya 80. Ikijizima, iache nusu saa, punguza sauti, toa bafle za ziada, tafuta kilichoziba hewa. Na ikichoma fyuzi, iwekewe fyuzi ya namba ileile. Anayefunga waya wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi amemwondoa mlinzi mlangoni.

Moto wa mbao

Nisitie watu hofu bure: ampli yenye joto mara nyingi inakufa kimya, bila kuwasha kitu. Hatari ya moto inakuja inapokutana na vingine. Kitambaa kikavu juu yake, pazia nyuma yake, godoro kando, na hasa ralonji nyembamba inayobeba ampli, televisheni, dekoda na simu nane za wageni. Umeme unaopita kwenye waya ukizidi mara mbili, joto la waya linazidi mara nne. Ralonji iliyoviringishwa kama kamba na kusukumwa chini ya mkeka haiwezi kupoa, nayo inaanza kulainika bila mtu kuiona. Ukigusa prizi na kuikuta ya moto, au imebadilika rangi, usingoje kesho.

Tunajua nyumba zetu. Mbao kwa mbao, paa linagusa paa, na gari la kuzima moto halipiti kwenye vichochoro vyetu. Ndugu zetu wa Bukavu wanajua zaidi, kule Kadutu na kwenye vilima vingine, ambako moto ukianza nyumba moja unapanda kwa majirani kabla watu hawajatoa watoto. Mtu aliyekimbia vita, akaacha mbuzi, shamba na nyumba, asije kuchomekewa mkeka wake kwa sababu ya ralonji.

Kwa hiyo ninawaomba wachefu wa avenyu na wa nyumba kumi: mnapopita kuhesabu wageni, ulizeni pia umeme wa nyumba unapita wapi. Wekeni kanuni ndogo ambayo kila mtu anaikubali: anayelala wa mwisho ndiye anayechomoa. Watoto wasilale kichwa kikigusa mashine wala prizi. Wageni wachangie ralonji moja nzuri yenye waya mnene kuliko kununua tatu za bei rahisi. Na mwenye nyumba asimkasirikie mgeni anayemwonyesha waya unaotoa harufu. Amemsaidia.

Hata redio inapumua

Jambo hili linatugusa sisi wa redio pia. Mtambo unaorusha sauti yetu ni ampli kubwa tu, nao una feni na chujio la vumbi. Chujio likiziba, mitambo mingi inapunguza nguvu yenyewe ili isiungue. Wa mjini hamtagundua kitu. Lakini msikilizaji wa mbali, nyuma ya kilima, yule ambaye hana gazeti wala intaneti, ndiye anayetupoteza wa kwanza. Kwa hiyo kazi ya kusafisha chujio isionekane ni ya mfagiaji. Inahusu watu kupata au kukosa habari ya kama njia ya kurudi kwao ni salama. Nasema hivyo kwa redio zote ndogo za mkoa wetu, ambazo nyingi zinafanya kazi kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja.

Kutoa kitambaa ni bure. Kuhamisha dekoda ni bure. Brashi ya rangi inauzwa kila soko. Kwa upande mwingine, ampli iliyoungua inagharimu pesa ambazo leo familia nyingi zinazihitaji kwa unga na kwa masomo.

Leo jioni, habari zikiisha, fanyeni jaribio. Weka kiganja juu ya kifuniko cha ampli yako na uhesabu polepole hadi kumi. Ukifika kumi bila taabu, ni vizuri, endelea hivyo. Ukilazimika kutoa mkono kabla ya kumi, izime, uiache ipoe, na umwite mwenye nyumba, mgeni na watoto wote muangalie pamoja ni nini kimeziba njia ya hewa.